Tupeane uzoefu: muvi ya Krismasi uliyoiona utotoni halafu mwisho wake ukaukosa (Mbeya, Iringa, Njombe mje huku)

Mtoa mada, Uyole

Wakuu kamwene, ugonile, poleni na mvua. Huku inanyesha toka juzi, mahindi yanasubiri palizi na hakuna anayetoka, nimekaa na watoto wa dada angu watatu ndani ya blanketi moja wanaangalia Home Alone kwenye simu, wameianza mwanzo wameimaliza mwisho, wamerudia tena pale jambazi anapokanyaga vitu vyenye ncha. Nikabaki nawaangalia tu. Hawa hawajui walivyobahatika.

Mi nliiona 1999, nina miaka 8. Muvi yenyewe ya 1990, kwa hiyo ilitufikia mtaani na miaka tisa mgongoni na hakuna aliyelalamika. TV ilikuwa moja, chogo ya inchi 14, ya mzee mmoja dereva wa lori, umeme haujafika, Krismasi anachomoa betri ya lori anaiunga na inveta sebuleni. Unanawa miguu nje kwenye beseni ndo unaingia maana mama mwenye nyumba hataki tope kwenye mkeka wake. Mkanda unawekwa kwenye deki, kimya.

Sasa mzee alikuwa anabania betri. Kila wakianza kuongea ongea anapeleka mbele, anasema maongezi yanakula chaji bure, twendeni kwenye vurugu. Kwa hiyo sisi tulichoelewa ni hivi: familia imepanda ndege kwenda Paris, dogo Kevin kasahaulika nyumbani peke ake, kuna wezi wawili, na kuna babu jirani mwenye ndevu anatembea usiku na koleo la theluji, kaka mtu kasema huyo babu aliua familia yake yote. Basi. Huyo babu ndo alitutoa jasho kuliko wezi.

Inafika mwishoni, wezi wamemkamata dogo wamemtundika kwenye ndoano ya mlango, picha ikaanza kusinyaa. Waliotumia betri wanajua, inaanza weusi pembeni, inasogea, inasogea, mpaka picha inabaki kama kiganja katikati ya kioo. Na ndani ya kile kiganja nikamwona babu anatokea nyuma, kanyanyua koleo. Giza.

Nlirudi nyumbani nalia. Kwa akili yangu babu kawamaliza wote, na dogo juu. Na pale mtaani tulikuwa na mzee mmoja anaishi mwenyewe, ana ndevu, na sepetu lake haliachi. Miaka mingi nlikuwa nazunguka njia ya mbali kwenda shule.

Haya, na nyie tupeni zenu. Muvi gani, mliionea wapi, nini kilikata mwisho.

Mdau, Makete

Hahaha pole mkuu. Mi nachangia kidogo, sio ya kukosa mwisho. Nlikuwa naangalia na mtoto wa kaka, ana miaka sita, ikaja ile nyumba imezama kwenye theluji nyeupe paa mpaka bustanini. Akaniuliza "shangazi, sakitu yote hiyo, viazi vyao si vimeungua?" Nikakosa jibu. Kwetu nje kukiamka kweupe ni sakitu, ule umande ulioganda unaounguza mazao, mwezi wa sita wa saba, na mtu anatoka kitandani mbio kuangalia shamba, hakuna anayeimba.

Mdau, Kyela

Sisi huku na joto hili theluji tunaijua ile ya kwenye friji. Ila nafuatilia uzi.

Mdau, Iringa

Mtoa mada umenikumbusha mbali sana, mimi ni mtu mzima kidogo, nimeona muvi kabla TV haijawepo bara. Vijana mnasahau kwamba Tanzania bara hakukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994 vilipoanza vya watu binafsi kama ITV, Zanzibar wenzetu walikuwa nayo toka miaka ya 70. Kwa hiyo sisi wa misheni tulikuwa tunategemea padri. Alikuwa Mtaliano, ana projekta, shuka jeupe linatundikwa ukutani darasani, na kila Krismasi ni filamu moja tu, It's a Wonderful Life, ile ya zamani ya 1946 isiyo na rangi. Tukimwuliza padri kwa nini hiyo hiyo kila mwaka anapiga kifua, "Capra ni wa kwetu!" Maana aliyeitengeneza, Frank Capra, alizaliwa Sicilia akapelekwa Marekani mtoto. Kwa padri ilikuwa kama ndugu yake ndo katengeneza.

Anasimama pembeni ya shuka anatutafsiria, Kiswahili chake cha misheni kile, "huyu bwana George anataka kujirusha mtoni kwa sababu ya deni." Tunaelewa kabisa, deni tunalijua. Mjomba mtu kapoteza dola 8,000 za benki yao ndogo, na zimeangukia mikononi mwa tajiri mwenye roho mbaya, Potter, na Potter kanyamaza nazo.

Mwaka mmoja kabla ya kipande cha mwisho balbu ya projekta ikapasuka. Pa! Tukakaa gizani. Padri akasema tulieni nitawasimulia, akasimulia watu wa mji wanavyokuja na hela kila mtu na chake, kengele inalia kwenye mti, halafu Potter anaingia analia, anarudisha zile pesa mbele ya wote na anaomba msamaha. Tukapiga makofi wengine machozi.

Juzi juzi hapa mwanangu kaniwekea kwenye laptopu. Nasubiri Potter aje. Watu wanaleta hela, kengele inalia, wanaimba, IMEISHA. Potter hajaja! Hela kaondoka nazo na hakuna aliyemgusa! Yaani padri alitutungia. Nimekaa na hiyo hasira wiki nzima, na sijui namkasirikia Capra au padri.

Mdau, Mwanjelwa

Mzee shikamoo, hiyo ya padri nimecheka mpaka basi.

Mi Die Hard, kibanda umiza, kiingilio shilingi mia, mkaja mmechelewa mnakaa chini. Wale watakaosema sio ya Krismasi ndo hao hao wanaokula pilau tarehe 25 wanaita sikukuu, jamaa kaenda kwa mke wake kwenye pati ya Krismasi ya ofisini, mnataka nini tena. Ilitoka Julai lakini hiyo shauri yao.

Tulikuwa na mtafsiri ana maiki, Kingereza chake sidhani kama kilimzidi mtu yeyote mle ndani ila alikuwa hakwami. Mke wa Bruce Willis kazini anatumia jina la kwao badala ya la mume, si ndo ugomvi wao unapoanzia, mtafsiri akatuambia "mnaona, mahari haikuisha, wakwe wamemchukua binti yao, jamaa katoka New York kaja kumalizia." Muvi nzima nimeiangalia kama kesi ya mahari. Jamaa anakanyaga vioo peku damu zinatoka, nawaza kwa ng'ombe wawili tu waliobaki mateso yote haya. Ikakatika yuko juu ya paa. Umeme. Na hela haturudishiwi.

Mdau, Mafinga

Mi sina muvi nina mti. Kwetu paini ndo usiseme, tukakata tawi tukalitundika pamba za hospitali iwe theluji kama kwenye TV, mama karudi anauliza pamba zake ziko wapi. Mwisho wa muvi siujui kwa sababu nlikuwa nje napokea fimbo.

Mdau, Makete

Mtoa mada, sasa wewe babu wa koleo ulikuja kumjua lini?

Mtoa mada, Uyole

Nlitaka hiyo niiache lakini haya. 2018, nina miaka 27, natoka Dar kuja kula sikukuu, basi limejaa mpaka ndoo za watu. Tumepita Chimala usiku konda akachomeka flashi, Home Alone hiyo. Kwa mara ya kwanza naona yale maongezi yote mzee wa lori aliyokuwa anayarusha. Kumbe dogo anakutana na yule babu kanisani usiku wa mkesha, kumbe babu kaja kumsikiliza mjukuu wake anaimba kwaya kwa sababu kagombana na mwanae nyumbani kwao haendi. Hajaua mtu! Nikaangalia pembeni kama kuna mtu naweza kumwambia, jirani yangu kalala mdomo wazi.

Dogo katundikwa kwenye ndoano, babu huyo nyuma na koleo, na hapo hapo konda anapiga kelele "Uyole! Uyole washukeni!"

Sikushuka. Nimekaa mpaka stendi mjini, nimeona wezi wanapigwa koleo, nimeona asubuhi dogo yuko dirishani na babu kule kwake kakumbatia kajukuu, ananyanyua mkono kumpungia. Halafu nikatafuta bajaji ya kunirudisha Uyole usiku huo na begi na mchele wa mama niliopitia Chimala. Mama anapiga simu uko wapi, gari si limeshapita? Nikamwambia nlipitiwa na usingizi.