Kete moja ya unga: kijana afungwe au apelekwe kliniki?

Mwana Maweni (mwanzisha mada)

Asalaam aleikum jamaa wa Malindi, na nyinyi wa Watamu, Mambrui na Gongoni. Naleta jambo tunalolizungumza barazani kila siku bila kulimaliza. Kijana amekamatwa maskani, kijiweni kwa wavutaji, na kete moja ya unga, yaani kifurushi kidogo cha heroini, mfukoni, kesho yake yuko kizimbani. Afungwe, au apelekwe kwenye matibabu?

Msimamo wangu nautoa mapema: aliyepatikana na unga wa kuvuta mwenyewe, jela si mahali pake. Na kinachoniuma kupita vyote ni ile saa ya kusomewa mashtaka. Katiba ya Kenya, kifungu cha 49, yataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Ni haki kubwa, siipingi. Lakini kwa teja, mraibu wa unga, ndani ya saa hizo ndipo arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, inapopanda. Nimekaa viti vya nyuma mahakamani nikaona kwa macho yangu: makamasi yanamtiririka, anapiga miayo mfululizo, amejikunja kashika tumbo, jasho linamtoka na huku anatetemeka kwa baridi. Karani anasoma shtaka, anauliza ni kweli au si kweli. Jibu linakuja kabla swali halijaisha: "Ni kweli." Anasomewa maelezo ya kesi, anaitikia tena. Wakili hana, mzazi hana habari, na kesi imekwisha asubuhi ile ile.

Sasa sikilizeni sheria inavyosema. Sheria ya dawa za kulevya ni ya 1994, ikarekebishwa 2022. Kwenye bangi, ukiiridhisha mahakama kwamba ni ya matumizi yako tu, adhabu haizidi miaka 5 au faini ya shilingi 100,000. Kabla ya 2022 ilikuwa miaka 10. Unga adhabu yake ni kali zaidi. Ukigeuziwa shtaka likawa ulanguzi, gramu 1 hadi 100 ni faini isiyopungua milioni 30 au miaka 30, na zaidi ya gramu 100 ni kuanzia milioni 50 au miaka 50. Angalieni hapo kwenye "ukiiridhisha mahakama". Mzigo wa kuonyesha kwamba bangi ile ni ya kuvuta mwenyewe ameachiwa mshtakiwa. Na kijana wa unga, aliyekunjamana kwa arosto, akigeuziwa shtaka likawa ulanguzi atajitetea kwa kauli gani?

Mama Muyeye

Kaka, waongea vizuri kwa sababu hujaibiwa wewe. Mimi napika mahamri na mbaazi za kuuza. Wamechukua mtungi wa gesi. Wamechukua sufuria kubwa ya mbaazi, nimeiinjika usiku, asubuhi sioni sufuria wala mbaazi. Mfereji wa maji wameung'oa ukutani wakauze chuma, maji yakamwagika hadi kwa jirani. Kijana mmoja namjua tangu yuko mgongoni kwa mamake. Siku alipofungwa, mtaa mzima tulilala. Siku alipotoka, mwenye kuku alianza kuwafungia ndani tena. Mnasema ni mgonjwa. Na mimi ninayeamka saa tisa za usiku kukanda unga wa ngano, nani ananitibu mimi?

Karani Mstaafu

Mama, pole sana. Nimefanya kazi mahakamani miaka mingi, acha niweke mambo mawili sawa.

Wizi ni shtaka lake mbali, liko kwenye Kanuni ya Adhabu, na hakuna anayesema lifutwe. Aliyechukua mtungi wako ashtakiwe kwa mtungi wako. Tabu ni kwamba polisi mara nyingi huona wepesi kumkamata na kete kuliko kufuatilia mtungi. Anafungwa kwa kete, wewe hukuitwa kutoa ushahidi, mali yako haikutafutwa.

La pili, huyu mwanzisha mada amesema kweli kuhusu "ni kweli". Na ana haki nyingine ambazo haambiwi. Sheria yataka dawa iliyokamatwa ipimwe uzito na sampuli ichukuliwe mbele ya mshukiwa inapowezekana, kisha mkemia athibitishe ni kitu gani. Akikiri siku ya kwanza, hayo yote hayana wa kuyauliza. Unga wa mtaani huchanganywa na vitu chungu nzima. Na shtaka likiwa ulanguzi, hati ya mashtaka lazima iseme ulanguzi wa namna gani: aliuza, alisafirisha, alihifadhi?

Tena sheria hiyo hiyo yamruhusu hakimu, akiona mfungwa ni mraibu, kuamuru sehemu ya kifungo itumike kwenye kituo cha urekebishaji. Kuna pia kifungo cha nje, na kuna sheria ya kutumikia jamii ya 1998. Milango ipo. Lakini hakimu ana foleni ya mafaili, na mlango usiobishwa haufunguki wenyewe.

Dereva wa Boda, Barani

Mnaongea habari za dagaa. Papa je? Desemba 2004 ilikamatwa kokeini zaidi ya tani moja, nyingine hapa hapa Malindi na nyingine Nairobi. Wangapi mlisikia wamefungwa kwa mzigo ule? Wale ndugu wa Akasha wa Mombasa, walanguzi wakubwa, walihukumiwa Marekani, mmoja miaka 25 mwaka 2019, mwingine 23 mwaka uliofuata. Ilibidi wapelekwe New York! Huku kwetu kijana wa kete anakamatwa Ijumaa jioni, na aliye na elfu mbili haoni Jumatatu ya kortini. Anayefikishwa mbele ya hakimu ni yule aliyekosa cha kutoa.

Mvuvi wa Shela

Mimi natumia methadone, dawa ya kunywa ya hospitali inayoshika nafasi ya unga. Sijawahi kuandika haya mbele za watu, lakini leo naandika.

Kliniki iko hospitali yetu ya Malindi tangu 2015, ya mwanzo mwanzo nchini. Unaingia kupitia mashirika ya mtaani, kama vile Omari Project waliokuwa wakiwatibu mateja hapa tangu miaka ya tisini. Kila siku unakwenda. Unapewa kikombe kidogo cha plastiki, unakunywa dirishani mbele ya muuguzi, unashushia maji, halafu anakusemesha ahakikishe umemeza. Basi. Arosto haipo, unakwenda zako kazini. Mimi niliacha bahari ya mbali, siwezi kulala nje na mashua nikakosa kikombe. Sasa nauza samaki ufuoni.

Mama Muyeye, nami niliiba. Namwibia mtu akilini mwangu kuna kitu kimoja tu, ile alfajiri inayokuja bila kete. Jela niliingia, na sikutibiwa chochote. Nilipotoka nilikwenda moja kwa moja maskani, kabla ya kwenda nyumbani kumwamkia mama.

Na jambo msilolijua: ukiwa kwenye methadone ukakamatwa ukawekwa rumande, kikombe chako kinakatika. Wenzangu wamerudi kwenye sindano kwa njia hiyo. Sindano moja watu watatu. Mwaka 2011 makadirio ya serikali yalionyesha karibu watu 18 kwa kila 100 wanaojidunga wana virusi vya UKIMWI. Hao wana wake.

Ustadh wa Majengo

Kilevi ni haramu, kichache chake na kingi chake, hilo halina mjadala. Lakini kuhifadhi nafsi na akili pia ni wajibu wetu. Nimewaosha vijana waliokufa na sindano. Msikitini tumewafukuza mno kwenye vizingiti. Nakubali matibabu, ila muuzaji asije akajificha nyuma ya huruma hii akasema naye ni mgonjwa.

Mwana Maweni

Shukran ustadh, hapo hatutofautiani. Muuzaji na ashtakiwe kama muuzaji, na uzito upimwe mbele yake.

Mvuvi, Mungu akuzidishie nguvu. Hilo la kikombe kukatika rumande sikulijua, na ni zito kuliko yote niliyoyaandika.

Mama, sikuombi usamehe wizi. Nauliza hivi: kijana yule alitoka jela akaanza tena. Kifungo kilikununulia usingizi wa muda ule tu. Akifungwa tena utalala tena, kisha?

Napendekeza twende kwenye kamati ya watumiaji wa mahakama hapa Malindi, wananchi wasikike, na maombi mawili. Moja, mshukiwa mwenye dalili za arosto aonwe na mhudumu wa afya kabla ya kusomewa mashtaka, na kama hayuko sawa shtaka lisomwe siku nyingine. Pili, aliye kwenye methadone apate kikombe chake akiwa seli au rumande. Hakuna sheria mpya inayohitajika hapo. Karani, waweza kutuandikia barua?

Karani Mstaafu

Nitaandika. Lakini mama naye awepo. Wakiniona mimi na mvuvi peke yetu watasema tunawatetea mateja.

Mama Muyeye

Nitakuja, ila sitanyamaza. Hilo la kwanza naliunga mkono, mtu asihukumiwe akiwa hajijui. Hilo la pili pia, kwa ajili ya huyu mvuvi aliyesema ukweli. Na langu liwe la tatu kwenye barua: aliyeibiwa na teja aitwe siku ya kesi, aulizwe amepoteza nini, na kama ni kutumikia jamii, basi kijana aanze kwa kuurudisha mfereji wangu.