Mrejesho: ile gari ya kuzima ikipata moto

Wasee, ile gari niliuliza juu yake, ya kuzima ikishapata moto halafu ikipoa inawaka kama hakuna kitu, imepona. Wengi mlisema pampu ya mafuta, na makanika mmoja hapa Nakuru alishanipigia hesabu ya pampu mpya, nikamwambia angoje, lazima gari ipimwe ikiwa imezima si ikiwa sawa. Basi ikanizimia nikipanda Mau Summit nikienda Kisumu, nikafungua boneti hapo kando: mafuta yanafika na presha yake, plagi haitoi cheche hata kidogo, na nikipiga starta mshale wa RPM (ule wa kasi ya injini kwa dashibodi) umelala tu kwa sufuri. Huo mshale ndio ulisema kila kitu, maana husoma kutoka kwa sensa ya krenkishafti, ile inayoambia kompyuta ya gari injini inazunguka ndio plagi zitoe cheche. Nikamwagia hiyo sensa maji baridi, gari ikawaka. Fundi wa Kondele, huko Kisumu, akaitoa sensa akaipima na mita, ikiwa baridi inasoma vizuri, akaipasha moto na draya ya nywele (alikopa saluni ya jirani, wamama walitucheka sana) mita ikaonyesha waya wa ndani umeachana. Mashine ya kusoma kodi za makosa (zile kompyuta ya gari huhifadhi) haikuwa imeonyesha chochote, kwa hivyo msiitegemee peke yake. Nimeweka sensa orijino, na nimeshapanda Kericho na mzigo jua likiwaka, haijazima.