Mnaonunua na kupika rasiberi nyumbani, tupeane uzoefu

Mama Tumaini, Nairobi
Habari za jioni wapendwa. Leo nimepita soko la City Park nikakuta vikebe vya rasiberi vimepangwa karibu na stroberi. Muuzaji kaapa zimechumwa alfajiri. Nikainua kikebe, nikatazama chini yake: ile karatasi ya kunyonya maji imeloa nyekundu tepetepe. Nikakirudisha. Hebu tuelezane, wenzangu mnachagua vipi, mnazitunza vipi, na mnazipikia nini? Ni tunda la bei, linauma likiozea kwenye friji.

Mchumaji
Mama, umefanya vizuri kutazama chini. Wengi hutazama juu, na juu ndipo wanapopanga nzuri.

Mimi niko Scotland, upande wa Blairgowrie, na nimechuma rasiberi msimu baada ya msimu. Rasiberi iliyoiva huivuti. Unaigusa kwa vidole vitatu inajiachia yenyewe, na kile kiini cheupe kinabaki mtini. Ndiyo maana ina shimo katikati. Ikikataa kutoka, iache, kwa sababu haitaiva nyumbani kama ndizi au parachichi. Ikishachumwa ni hiyo hiyo, mbele yake kuna kuoza tu. Kwa hiyo ukikuta kikebe kimejaa za pinki iliyopauka zenye ugumu, usijidanganye kwamba kesho zitakuwa tamu.

Na zikifika nyumbani, zimwage kwenye sahani pana. Ukiona moja ina manyoya ya kijivu, itoe hapo hapo pamoja na zilizoigusa. Ule ukungu hauhitaji joto, hata ndani ya friji unatembea.

Kijana wa Mlalo
Naunga mkono hilo la ukungu. Unalala zikiwa nzima, unaamka na ndevu.

Bint Kilindini
Nipo Muscat, huku zinakuja kwa ndege na ni ghali. Adui wangu ni gari. Kutoka dukani hadi nyumbani mwezi wa sita, zinafika zimelegea. Sasa nabeba kiboksi cha barafu kwenye buti. Nikifika naziosha kwa siki: kipimo kimoja cha siki, vitatu vya maji, nasuuza kwa maji baridi, nazitandaza juu ya kitambaa mpaka zikauke kabisa. Zinakaa.

Fundi Friji
Dada, hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Rasiberi haioshwi mpaka dakika ya kuila. Lile shimo likiingia maji halikauki, utatandaza mpaka usiku.

Bint Kilindini
Unazigeuza, kaka. Shimo chini. Nimesema *kabisa*.

Fundi Friji
Na harufu ya siki?

Bint Kilindini
Ndiyo maana nikaandika nasuuza. Soma kwanza ndugu yangu.

Mama Tumaini, Nairobi
Jamani taratibu, wote mnasaidia.

Shemeji Mkubwa
Yote haya ya nini? Nunua za kugandishwa, saga na maziwa, kunywa. Hazina ukungu wala siki.

Mama Ridhiwani
Shemeji, naomba nikusimamishe hapo. Nimesoma maneno yako mwili ukanisisimka.

Niko Denmark, Aarhus. Tulimfanyia mtoto wetu akika, nyumba imejaa, baba yangu mzazi kaja kutoka Tanga. Nikatengeneza juisi ya rasiberi za kugandishwa na mtindi, kwenye jagi kubwa. Sikuzipasha moto, nani anapika juisi? Watu wakaisifu, wakaongezewa. Kesho yake usiku simu ya kwanza ikaita: mwenzangu anatapika. Ya pili, mumewe. Alfajiri nasikia mlango wa choo, ni baba. Alitapika mpaka akawa hana kitu tumboni, midomo imekauka, anaomba maji na maji hayakai. Nilimshika mgongoni na kanzu yake imelowa jasho. Tukampeleka hospitali akawekewa dripu.

Walipotuuliza kila mtu alikula nini, pilau tulikula wote, na wifi yangu pia alikula. Yeye tu hakuugua. Juisi hakuionja kwa kuwa maziwa yanamsumbua. Ndipo nikaambiwa habari ya norovirusi, kirusi cha kutapisha na kuharisha: huanza kuuma saa 12 hadi 48 baada ya kula, na kugandisha hakuui, kunahifadhi tu. Mamlaka ya chakula hapa inashauri rasiberi za kugandishwa kutoka nje zichemshwe dakika 1 kabla ya kuliwa. Tangu siku hiyo kwangu haipiti moja bila kuchemka.

Kijana wa Mlalo
Pole sana mama. Mzee alipona?

Mama Ridhiwani
Alipona, alhamdulillah. Ila kwangu anakunywa chai tu.

Shemeji Mkubwa
Nimenyamaza. Mfuko uko kwenye friza, kesho nachemsha.

Nyikani
Kwa hiyo na zile za porini Lushoto tunazokula kichakani tuchemshe?

Mchumaji
Hapana. Kirusi hicho hutoka kwa binadamu, kupitia mikono au maji machafu. Hizo zako za porini ogopa vibuu. Ziloweke kidogo kwenye maji ya chumvi, utawaona wanatoka wenyewe.

Nyikani
Heri nisingeuliza.

Bibi Harusi wa Zamani
Mmesahau kupika! Jemu: kilo ya tunda, kilo ya sukari, juisi ya limau moja. Usitumie sufuria ya alumini, ule uchachu unaila na jemu inakuwa na ladha ya bati. Tumia ya chuma kisichoshika kutu. Weka kisahani kwenye friza, dondosha tone, lisukume kwa kidole. Likijikunja, epua.

Fundi Friji
Kilo kwa kilo ni sukari nyingi mno. Mimi naweka nusu.

Bibi Harusi wa Zamani
Mwanangu, nusu sawa, lakini hiyo iweke kwenye friji na uile upesi. Sukari ndiyo inayoilinda ikikaa kabatini.

Bint Kilindini
Zile zilizopondeka msizitupe. Mimi nazichemsha na sukari na iliki, nachuja mbegu, hiyo ndiyo shira ya kaimati zangu Ramadhani. Rangi yake utapenda. Kama unataka kuzigandisha mwenyewe, zitandaze kwenye trei kwanza zisigusane, zikishakuwa ngumu ndiyo utie mfukoni. La sivyo unapata jiwe.

Mama Tumaini, Nairobi
Iliki kiasi gani dada?

Bint Kilindini
Punje tatu za kutwanga kwa kikombe cha sukari. Usizidishe, itameza tunda.

Nyikani
Kuna mwenye miche Arusha au Lushoto? Nataka isiyo na miiba, nina watoto.

Mchumaji
Aina ya rasiberi iitwayo Glen Ample haina miiba, tumeichuma sana huku. Ila inataka baridi ya kutosha ndiyo izae, kwa hiyo ukipata mtu wa miche muulize kwanza aina zinazozaa huko kwenu.