Kadi imeungua, msimbo wote ni wa CUDA: nibadili lugha?

Mwaloni
Wakuu, habari za jioni. Niko Kirumba, Mwanza. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikitafuta magugu maji ziwani kwa picha za setilaiti za Sentinel-2. Pikseli moja ni mita 10 kwa 10, hivyo Ghuba ya Mwanza mpaka Ukerewe bila GPU (kadi ya michoro inayopiga hesabu nyingi kwa pamoja) ni kukesha. Kerneli zote, yaani programu ndogo zinazokimbia ndani ya kadi, nimeandika kwa CUDA, ambayo ni ya kadi za NVIDIA. Juzi umeme ulikatika, uliporudi kadi yangu ya NVIDIA ikaungua. Fundi ana Vega 56 ya mtumba, kadi ya AMD. Rafiki ananishauri nihamie lugha ya Julia kabisa. Nisije nikaruka majivu nikakanyaga moto.

Igoma_C
Hamia tu. Julia ina maktaba ya KernelAbstractions, kerneli moja inakimbia NVIDIA na AMD.

MamaNyegezi
Pole sana kwa kadi, mdogo wangu. Usibadili lugha kwa sababu ya kadi. CUDA ya tangu 2007 ni C++ yenye nyongeza, na HIP ya AMD imefuata nyayo zake: cudaMalloc inakuwa hipMalloc, na zana yao ya hipify inakubadilishia sehemu kubwa. Mimi kazi hiyo ilinichukua jioni mbili.

Kilichonila siku tisa ni namba 32. Kwenye NVIDIA nyuzi (vijikazi vinavyokimbia sambamba) zinakwenda kwa makundi ya 32, Vega ni 64, na kwenye kerneli ya kujumlisha nilikuwa nimeiandika 32 kwa mkono. Programu haikugoma, ilinipa jumla za uongo kimyakimya. Ukiikariri 32 ndani ya Julia utaumia vilevile.

Mimi naogopa zaidi kufungwa na lugha kuliko na kadi. Kadi nitadunduliza ninunue nyingine. Lakini kijana ninayefanya naye kazi anajua C++, na nikihama leo namrudisha darasa la kwanza. Na lugha ya wote nayo huachwa: OpenCL, inayokimbia kadi za kampuni mbalimbali, ilianzia Apple, na 2018 Apple haohao wakatangaza kuiweka kando.

Ila usilipe bado! AMD nao wana kufuli lao. Angalia kama hiyo Vega imo kwenye orodha ya kadi za ROCm, programu ya AMD inayoendesha HIP, maana kadi za zamani huondolewa.

Mwaloni
Asante dada. Nimeangalia, Vega 56 haimo kwenye orodha ya sasa. Fundi amekubali niijaribu na ROCm ya zamani hadi Jumamosi kabla sijalipa. Usiku huu nazisaka 32 zote. Mpaka sasa nimekuta kumi na moja.