Mwanafunzi anayepandwa na hasira akikosea

Swali: Ninaye mwanafunzi wa darasa la tatu ambaye, kila akikosea hesabu, huchana karatasi na kujificha chini ya dawati. Nimsaidieje bila kusimamisha somo?

Jibu la 1: Usimhoji akiwa amefura, kwa maana sehemu ya mbele ya ubongo, inayozuia misukumo, huendelea kukomaa hadi mtu apitishe miaka 20, na hasira huilemea hata kwetu watu wazima. Mwelekeze atoe pumzi polepole kuliko alivyoivuta, ili mapigo ya moyo yapungue.

Jibu la 2: Naafiki, ila zoezi hilo lifundishwe akiwa ametulia.

Jibu la 3: Mkubaliane pia ishara, kama kulaza kitabu kifudifudi, ili aombe kutoka kidogo bila wenzake kumkodolea macho.