Ushauri: Safari yetu ya miaka 20, na mmoja wetu hana uwezo ila hataki kusema

Habari za jioni wanajamvi. Nina jambo linanikosesha usingizi, na si ndoa wala kazi. Ni safari.

Tuko wanne. Tulikutana kidato cha tano kwenye shule moja ya bweni mkoani Morogoro, tukamaliza cha sita Februari 2006. Siku ya mwisho, tumekalia magodoro yaliyokunjwa tukisubiri gari, tuliahidiana kwamba ikifika miaka 20 tutasafiri pamoja, bila waume, bila watoto. Ahadi za wasichana wa miaka 19 nyingi huishia getini. Hii imetufuata mpaka leo.

Majina ya bwenini yanatosha. Kuna Chiriku, ambaye simu yake hupokei kama una haraka. Kuna Mhasibu, aliyekuwa anatugawia mkate kwa rula. Na kuna Tranka. Aliitwa hivyo kwa sababu tranka lake la bluu halikuwa na kufuli. Sisi wote tulifunga, wengine kufuli mbili. La kwake unafungua, unachota karanga, unachota sukari kwenye kopo la Blue Band, unafunika unaondoka. Hakuwahi kuuliza nani kaimaliza.

Mimi kwetu Songea. Siku tunaondoka, nauli yangu ilipotea, au iliibiwa, sijui mpaka leo. Tranka akanipa ya kwake, akasema kaka yake anakuja kumchukua. Nikapanda basi. Miaka miwili baadaye ndiyo nikaja kusikia kwamba hakukuwa na kaka. Alibembeleza lifti mpaka Chalinze, kisha akadandia malori matupu yaliyokuwa yanarudi kutoka kushusha kabichi Dar, mpaka Mombo, halafu akapanda kwao Lushoto. Binti peke yake. Alilisimulia huku anacheka, mimi nikashindwa kumeza chai.

Sasa tatizo. Sisi watatu tuko Dar, tunajimudu. Tranka alikuwa anafundisha shule binafsi, shule ikafungwa, amerudi Lushoto anamtunza mama yake na kushona sare za watoto. Mwezi uliopita Chiriku akatupia picha za hoteli ya Nungwi kwenye grupu letu la WhatsApp. Laki nane kwa kichwa, siku nne, kila kitu ndani. Kimya siku nzima. Usiku Tranka akaandika: "Mtangulie tu wapenzi, tarehe hizo nina kikao cha ukoo."

Jamani, tarehe zilikuwa hazijapangwa.

Chiriku anasema tumlipie tu. Mhasibu anasema mtu mzima hachangiwi kama harusi, atajisikia vibaya. Mimi nimefikiria kumdanganya kwamba ofisini kwetu nimeshinda tiketi ya watu wawili. Kuna mtu aliyewahi kupita hapa? Nifanyeje?

Kibopa Mstaafu:
Mlipie, acheni siasa. Tena na ya kutumia umpe. Lori la kabichi hilo halina bei.

Dereva Mstaarabu:
Dada, mimi naona muachane na safari za makundi. Mwaka 2019 tulikwenda Bagamoyo wanne, marafiki wa kufa na kuzikana, tukarudi kwa magari mawili tofauti. Chanzo? Nani alikula pweza wengi. Sitanii.

Binti Ngamiani:
Naomba niongee, kwa sababu mimi ndiye niliyewahi kulipiwa.

Marafiki zangu walinipeleka Unguja kwa moyo mweupe kabisa. Tiketi ya boti, chumba, chakula, vyote juu yao. Hakuna aliyenisema hata kwa jicho. Lakini kila tulipokaa mezani nilikuwa nasoma orodha ya vyakula kuanzia upande wa bei. Siku nne nimekula chipsi mayai, ufukweni, watu wanakula kamba. Wakiniuliza "leo twende wapi?" nasema popote. Forodhani, popote. Kizimbani kwenye viungo, popote. Kwenye picha nimecheka vizuri sana, ukiziona utasema ndiye mwenye safari.

Kwa hiyo pesa peke yake siyo tatizo. Tatizo ni kwamba anayelipiwa hana kauli, hata asipokatazwa. Na kuhusu uongo wa tiketi ya kushinda, usithubutu. Chiriku uliyemwelezea hapo juu atautunza kwa siku ngapi?

Mtoa mada:
Binti Ngamiani umenigusa. Na kuhusu Chiriku, umempatia bila hata kumwona. Hatafika Chalinze nao.

Mzee wa Segera:
Nimesoma mara mbili nikadhani macho yangu. Mwenzenu kwao Lushoto, ninyi mnahangaika na hoteli Nungwi? Bahari si mnayo hapo Dar kila siku?

Nendeni kwake. Mnapanda basi la Lushoto pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Mkikosa, pandeni lolote la Moshi au Arusha, mshuke Mombo, pale mtapata hiace za kupandisha. Kutoka Mombo ndipo safari inapoanza kuwa safari: barabara inajipinda na mlima, bonde upande mmoja, mnapita Soni kwenye maporomoko, masikio yanaziba, joto la Mombo mnaliacha chini kama mtu aliyevua koti. Mji wenyewe uko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Wajerumani waliupenda wakauita Wilhelmsthal, maana baridi iliwakumbusha kwao.

Mkifika, Irente lazima. Ni mwendo wa miguu kutoka mjini, taratibu, mnasalimiana na watu njiani. Pale kwenye jabali ardhi inaishia ghafla, chini kabisa unaiona Mazinde na mashamba ya mkonge, na nyika inakwenda mpaka macho yanachoka. Kuna shamba jirani wanatengeneza jibini na mkate wao, mnaweza kula palepale. Siku nyingine msitu wa Magamba. Kabichi, karoti na viazi mtavikuta vikiwa bado na udongo. Ukiondoa nauli na mahali pa kulala, matumizi yake hayafiki hata robo ya hiyo laki nane, kama hamtaanza mambo ya pweza.

Ila leteni masweta. Juni mpaka Agosti kule hakuna mzaha.

Shangazi wa Kisauni:
Hujambo mwanangu. Mie niko Mombasa, nasoma tu pembeni, lakini hili la Mzee limenitia wasiwasi kidogo.

Rai yake nzuri, sikatai. Lakini kumwendea mtu asiye na kitu, watu watatu, mkale siku nne, huko si kumsaidia, huko ni kumfilisi. Na kuna mama mzee mle ndani! Mama hatakubali wageni wa mwanawe wale maharage. Atachinja. Kama ana mbuzi mmoja, basi huyo mbuzi ndiye. Kama hana, atakopa kuku kwa jirani, na nyie hamtajua, mtasifu mchuzi.

Fanyeni hivi. Wiki moja kabla, tumeni mzigo kwa basi: mchele, sukari, mafuta, majani ya chai, na doti mbili za khanga. Mzigo uandikwe jina la mama, si la mwenzenu. Salamu za mama hazirudishwi, na wala hakuna wa kuhesabiana. Halafu laleni kwake usiku mmoja tu, ule wa kwanza, kwa heshima ya nyumba. Zilizobaki chukueni vyumba vya wageni hapo mjini, naye alale nanyi, mkeshe na umbea wenu. Vyumba lipeni mapema, kabla hamjaondoka Dar, ili pesa isitolewe mbele yake.

Dereva Mstaarabu:
Shangazi, ungekuwepo Bagamoyo 2019 tusingegombana.

Mhenga Mdogo:
Mnazunguka sana. Mimi ningempigia simu nikamwambia ukweli: tunajua huna, tunakupenda, njoo. Marafiki wa miaka 20 wanaogopana nini?

Binti Ngamiani:
Mhenga, ukweli gani huo? Kwani yeye hajui kwamba hana? Anajua vizuri kuliko wote. Ukimwambia "tunajua huna" umemwambia kwamba mmekaa mkamjadili. Na kweli mmemjadili, mpaka sisi tusiomjua tunamjadili.

Mtoa mada:
Hapo ndipo nimekwama. Nimeongea na wenzangu, Mhasibu amekubali ndani ya dakika mbili (laki nane ilikuwa inamuuma kimyakimya), Chiriku amenuna kidogo kwa ajili ya nguo za ufukweni alizokwisha kununua. Lakini nimwanzeje Tranka? Nikisema tumebadilisha twende kwenu, muda mfupi tu baada ya yeye kukataa Nungwi, atajua.

Binti Ngamiani:
Atajua, ndiyo. Mwache ajue. Wewe usitoe maelezo, muombe. Kuna tofauti kati ya "tumeamua tuje kwenu" na "tunaomba utupokee". Umwambie unataka kuiona ile njia aliyopanda na malori. Si kweli unataka kuiona?

Mtoa mada:
Kweli kabisa. Na sijawahi kumwambia.

Mzee wa Segera:
Na tarehe mwachieni yeye apange. Mwenye mji ndiye anayejua mvua.

Mtoa mada (siku nne baadaye):
Wanajamvi, nimerudi. Samahani kwa ukimya.

Nilimpigia Jumapili mchana, nasikia cherehani inakwenda. Nikaanza na mama anaendeleaje, nikazunguka huko, mwisho nikasema: nataka uniteremkie Mombo, halafu unipandishe ile njia yako, unionyeshe lori lilikuacha wapi. Cherehani ikasimama. Akasema, "Wewe bado unalikumbuka lile?" Nikamwambia silikumbuki, nalidaiwa. Akaguna tu. Nikamwomba atupokee, wote watatu, nikasema tulikuwa tunafikiria Nane Nane.

Akanyamaza. Nikajua nimeharibu.

Kisha akasema, "Nane Nane hapana, mtakufa na baridi, na mimi nina sare za watu. Njooni Septemba mwishoni." Kuanzia hapo hakunipa nafasi ya kuongea. Siku ya pili Irente, lakini alfajiri, kabla ukungu haujatandaa. Magamba tutapanda na mjomba wake anayeijua njia. Chiriku asilete viatu vya kisigino, na akileta atavibeba mwenyewe. Jioni ya kwanza makande, watu wa Dar wapende wasipende. Nikasikia anamwita mama yake kwa Kisambaa, mama akajibu kitu kutoka mbali, wakacheka wote wawili, na hakunitafsiria.

Mzigo wa mama tutautuma kama Shangazi alivyoelekeza. Mhasibu ameshapiga hesabu ya sukari.

Kabla hajakata nikamchokoza: na kile kikao cha ukoo?

Akasema kimeahirishwa.