Makala ya mwani imekubaliwa kwa siku tatu: nilipe?

Mtafiti wa Wete
Assalamu alaykum. Nilimaliza shahada ya uzamili mwaka jana. Utafiti wangu ulihusu mwani aina ya kotonii, na kwa miezi kumi nilishuka pwani na akinamama kila bamvua kupima uzito wa mwani na joto la maji. Wiki iliyopita nilipeleka makala kwa jarida lililoniandikia lenyewe kwa barua pepe. Siku ya tatu nikajibiwa kwamba imekubaliwa bila ya marekebisho yoyote, na kwamba nilipe dola 250 ndani ya siku tano. Fedha naweza kukopa, na kazi ninayoiomba inataka makala iliyochapishwa. Je, kuna ubaya?

Mhadhiri, Unguja
Wa alaykumu salaam, mdogo wangu. Usilipe. Makala ya sayansi husomwa na wahakiki wawili au zaidi wanaoijua fani, na mtu mwenye kazi zake hawezi kutafutwa, akakubali, akavipitia vipimo vya miezi kumi na kuandika maoni, yote kwa siku tatu. Kwa hiyo hakuna aliyeisoma. Waandikie leo kwamba unaiondoa, na barua hiyo uihifadhi, kwa sababu makala moja haipelekwi kwa majarida mawili kwa wakati mmoja.

Mimi niliwahi kulipa. Nilipoomba kupandishwa daraja kamati haikuihesabu makala ile, na vipimo vyangu, kwa kuwa vilishachapishwa, sikuweza kuvipeleka kwengine. Hadi leo vinaniuma.

Lipo jarida linalokufaa, nalo ni Western Indian Ocean Journal of Marine Science, linalotolewa na WIOMSA, jumuiya ya sayansi ya bahari yenye makao yake hapa hapa Zanzibar. Linasomwa bure, na wanaolisoma ndio wanaoijua bahari yetu.

Msomaji wa majarida
Naongeza machache. Wengi hudanganyika na ISSN, lakini hiyo ni namba ya utambulisho tu yenye tarakimu 8, na haishuhudii ubora. Tafuta jarida katika DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, iliyoanza mwaka 2003, kisha soma makala zake mbili tatu uone kama zina uzito. Jarida halali pia linaweza kutoza ada, lakini huitangaza wazi kabla hujapeleka kazi, na wachapishaji wengi wakubwa huwa na msamaha kwa watafiti wa nchi zenye kipato kidogo. Uombe mapema, si baada ya kukubaliwa.

Katika makala yenyewe, taja jina la kisayansi, *Kappaphycus alvarezii*, na eleza joto lilipimwa saa ngapi na kwa kina gani, kwa kuwa kotonii hudhoofika maji yakizidi joto na mhakiki ataanzia hapo. Maoni yakija, yajibu moja baada ya jingine, ukionesha ukurasa uliorekebisha. Hata lile usilolikubali lijibu kwa hoja.

Mtafiti wa Wete
Ahsanteni sana, walimu wangu. Barua ya kuiondoa makala nimeshaipeleka. Saa za kupima zimo zote katika daftari langu, lakini kwenye makala nilitoa wastani wa mwezi tu, bamvua zote pamoja. Naanza kulitengeneza upya jadweli hilo usiku huu.